Theluji ya Ukurasa wa Thelathini na Moja

Nimebeba vitu vingi maishani. Makaa ya mawe kwenye mashua za mto Meuse, magunia ya viazi, piano moja hadi ghorofa ya sita mjini Liège, na huko Ostend jeneza la mtu nisiyemjua, kwa sababu wachukuzi walipungua mmoja na mimi nilikuwa napita. Hakuna mzigo ulionilipa vizuri kama karatasi.

Ilikuwa miaka kumi na saba sasa nikiwa mshika picha katika jumba la mnada la Lathouwers, mtaa wa Sablon, Brussels. Kazi yenyewe haisomewi. Unavaa glavu nyeupe, unasimama kando ya dalali, namba ikitajwa unainua picha kifuani, unaielekeza taratibu kulia na kushoto ili safu zote zione, nyundo ikigonga unaishusha. Wateja wengi hawajui hata kama nina sura. Wanazijua glavu.

Tunachouza ni kurasa za asili za katuni. Sisemi kitabu kilichochapwa, hicho utakipata kwa bei ya sahani ya kome na chipsi. Nasema karatasi yenyewe aliyoinamia mchoraji, yenye wino wake, penseli isiyofutika vizuri, na mabaka ya rangi nyeupe pale alipokosea. Karatasi hiyo inaweza kuwa na bei ya nyumba.

Ijumaa ile ya maonyesho, siku mbili kabla ya mnada, watu wote walikuwa wamejazana mbele ya namba hamsini na saba: ukurasa wa thelathini na moja wa Firmin wa Reli, uliochorwa na marehemu Armand Roskam. Treni imekwama kwenye theluji huko nyanda za juu za Ardennes. Firmin, yule kondakta mfupi, anatembea juu ya paa la behewa na taa yake mkononi, na theluji inamjia usoni. Hakuna Mbelgiji wa rika langu asiyeikumbuka picha hiyo. Katalogi ilisema yuro elfu sitini hadi themanini.

"Themanini ni bei ya Jumatatu," alisema Ghislain Dewandre. "Jumapili itavuka mia."

Ghislain alikuwa mfamasia Namur kabla ya kustaafu, mrefu, koti limepigwa pasi hadi kwenye mfuko. Hakuna mtu aliyekuwa na kurasa nyingi za Roskam kuliko yeye.

"Itavuka kwa sababu wewe ndiye utakayeivusha," alijibu Joost Kerckhove. Joost anatoka Aalst, anauza mabafu, na anacheka kabla hujamaliza kusema. "Unazo tatu za theluji tayari, mzee wa vidonge. Wa nne wa nini? Utakula?"

"Ziko kumi na moja tu duniani, fundi bafu. Wewe huna hata mmoja, ndiyo maana unauliza."

Hapo lazima niseme kwa nini theluji ilikuwa ghali mara mbili ya kurasa nyingine za Roskam. Tazama kivuli kwenye katuni yoyote: ni michirizi midogo, mamia, imepangwa sambamba. Mtu wa mkono wa kulia akiichora, michirizi inapanda kuelekea kulia. Roskam alikuwa wa mkono wa kulia, na kurasa zake zote ziko hivyo. Isipokuwa kumi na moja za theluji. Humo michirizi inapanda kuelekea kushoto, na ndiyo inayoifanya theluji ile ikupige usoni.

Sababu yake kila mkusanyaji aliijua kama sala. Roskam, ili asiburuze mkono juu ya wino mbichi, aligeuza karatasi kichwa chini akachora theluji hivyo hivyo, dunia ikiwa imepinduka. Iliandikwa katika kitabu kinene cha Tancrède Hallet, mtaalamu wa jumba letu, mwanamume wa skafu ya hariri aliyekuwa anasogea kati ya wateja kama anayemimina mvinyo.

"Fikirini," Hallet alikuwa anasema, "ubongo wa kuona mlima ukiwa chini na anga ikiwa juu ya magoti! Huo ndio ufundi mnaonunua."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nami nilitikisa. Nilikuwa nimeisikia miaka kumi na saba.

Ndipo akaingia mama mmoja mwenye mfuko wa soko, majani ya liki yametokeza juu. Mfupi, mvi zimekatwa karibu na ngozi, viatu vya kutembelea. Alipenya katikati yao bila kuomba radhi, akasogeza pua hadi kioo kikapata ukungu, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akagonga kioo kwa ukucha.

"Hapa niliteleza," alisema.

Joost alicheka wa kwanza. "Uliteleza wapi, mama? Sakafuni?"

"Kwenye picha ya nne. Palikuwa na kunguru juu ya waya wa simu. Alifanana na kuku. Nikamfunika na nyeupe."

Kweli, kwenye picha ya nne palikuwa na baka jeupe kubwa kama ukucha wa kidole gumba. Kila mtu alikuwa ameliona, na kila mtu alikuwa na maoni yake.

Hallet alifika na tabasamu. "Bibi, naweza kukusaidia?"

"Mimi si bibi yako. Naitwa Hubertine Coljon. Ukurasa huu nimeuchora mimi, na nyingine kumi. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa naandika herufi kwenye viputo vya maneno pale studio ya Schaerbeek. Roskam alichukia theluji na alichukia treni zaidi. Akaenda mji wa Spa kutibu mapafu, akatuachia hadithi katikati, na gazeti linatoka kila Alhamisi. Mtu fulani alipaswa kuchora."

"Saini ni yake," Hallet alisema kwa upole, akionyesha pembeni.

"Saini yake sote tuliiweza. Ijumaa ilikuwa zamu yangu."

Watu wawili watatu wakacheka, lakini si kwa kumcheka yeye. Hallet akaacha kutabasamu. Akamuuliza kama ana mkataba, barua, picha ya studio. Hana. Kwa nini amenyamaza miaka hamsini na zaidi? Alisema alikwenda Huy kufundisha uchoraji shule ya wasichana, akaolewa, akazika mume, na siku zote aliamini karatasi zile zilichomwa, kwa kuwa wakati ule zilichomwa. Wiki iliyopita kaiona hii gazetini, akiwa kwa msusi.

"Sitaki senti yako," alimwambia Hallet. "Jumapili, kabla ya mnada, mnasoma masahihisho ya katalogi. Nimeuliza, nimeambiwa ndivyo mnavyofanya. Nataka jina langu lisomwe. Ukurasa wa thelathini na moja, mchoro wa Hubertine Coljon. Kwa sauti, ukumbini. Basi."

"Mama, wewe ni mtu wa nne mwaka huu kuniambia amemchorea Roskam."

"Na hao watatu walimjua kunguru?"

Hallet aliomba radhi, akaenda kwa mteja mwingine. Hivyo ndivyo watu wa aina yake wanavyofunga mlango.

Saa yangu ya kupumzika ilikuwa imefika. Nilivua glavu nikamwambia, "Mama Coljon, kuna mkahawa pale kona, supu yao haina hila." Joost alisikia akajialika. Ghislain naye alikuja, nadhani alikuja kumlinda Roskam.

Tulikaa mezani wanne. Mama aliagiza bia nyeusi, akaweka mfuko wa liki kwenye kiti cha peke yake kama mgeni wa tano.

"Haya," Joost alisema, "tuchoree theluji."

Hakuringa. Alimwomba mhudumu kalamu, akachukua kikadi cha kuwekea glasi, akakigeuza upande mtupu. Alichora kwa mkono wa kushoto. Mistari michache ya reli, nguzo, kisha michirizi: tk, tk, tk, tk, haraka kama mtu anayekata vitunguu. Ilipanda kuelekea kushoto. Na kila mmoja, mwishoni, ulikuwa na kikulabu kidogo pale kalamu ilipoinuka. Mimi vikulabu vile nilivijua. Nimesimama na kurasa za theluji mikononi mara tano, nikiwa sina la kufanya ila kuzitazama.

Ghislain alikitazama kikadi bila kukigusa. "Mtu akijifunza sana anaweza kuiga."

"Anaweza," mama alisema. "Sasa niambie wewe. Nani amekwambia Roskam alichora kichwa chini?"

"Inajulikana. Iko kitabuni."

"Umewahi kujaribu?"

"Kujaribu nini?"

Alimsogezea kikadi kingine na kalamu. "Wewe ni wa kulia. Chora michirizi. Usijali uzuri."

Ghislain alichora sita. Ilipanda kuelekea kulia, kama ilivyotakiwa.

"Sasa kigeuze kichwa chini."

Alikigeuza. Michirizi ilikuwa inapanda kuelekea kulia.

Alikigeuza tena. Kulia. Alikiinua usoni, akakishusha, akakizungusha polepole mezani kama mtu anayetafuta kituo cha redio. Juu ikawa chini, chini ikawa juu, na michirizi ikabaki imelala upande ule ule.

Joost alikuwa na bia mdomoni. Nyingine ilitokea puani. "Miaka arobaini!" alipiga meza. "Miaka arobaini, vitabu, mihadhara, na hakuna mtu mmoja aliyegeuza karatasi!"

"Ziko kwenye fremu," Ghislain alisema taratibu. "Nani anageuza fremu kichwa chini?"

Na hapo alisema kweli tupu. Watu hawa hupima wino kwa darubini. Wananusa gundi. Wanabishana juu ya kutu ya pini. Lakini ukurasa ukishaingia kwenye fremu, kuupindua ni kama kumpindua babu yako.

"Na akigeuza robo tu?" Joost aliuliza, akijifuta. "Ubavuni?"

"Robo ingebadilisha, ndiyo. Lakini ubao wa studio ulikuwa umefungwa ukutani kwa bolti na karatasi imepigwa pini pembe nne. Hata kuutikisa huwezi. Matundu ya pini yapo, moja tu kila pembe, mtayaona: karatasi haikubanduliwa igeuzwe. Na huyo bwana wenu wa skafu hakusema robo."

Nilimwonea Ghislain huruma. Najua bei alizolipa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimeshika. Kwa ukurasa wa tatu aliuza nyumba yake ya likizo pwani, na mkewe alihamia kwa dada yake mwezi mzima.

"Mama," alisema hatimaye, "unajua jina lako likisomwa, kurasa hizi zitakuwa za msaidizi? Kazi ya studio. Robo ya bei, pengine chini yake. Zangu tatu pia."

"Najua."

"Subiri hadi mnada upite. Nitakuandikia makala. Nitakulipia kitabu."

"Makala nitaisoma peke yangu jikoni. Ukumbini watakuwa watu mia mbili, kila mtu duniani anayejali. Wakishatoka pale wameuuza kama wa Roskam, nani atarudi kunisikiliza?" Alisukuma glasi. "Nina miaka sabini na saba, baba. Sina mnada mwingine."

Ghislain alisimama, akavaa koti, akalipa bia ya wote, kwa kuwa ni mtu wa adabu hata akiwa na hasira. "Jumapili nitanunua nilichokuja kununua," alisema, akaondoka.

"Kunguru kamkasirisha," Joost alisema.

Jumamosi asubuhi nilikuwa na kazi ya kukaza kamba za nyuma za fremu. Hiyo ni kazi yangu halali, iko kwenye mkataba. Nilipofika hamsini na saba niliona nikaze vizuri zaidi. Nikafungua mbao za nyuma, nikatoa karatasi, nikaipeleka dirishani, jua la Machi likapita ndani yake.

Alikuwepo. Chini ya ile nyeupe, juu ya waya, mweusi, mnene, mguu mmoja umekunjwa. Na Mungu ni shahidi, alikuwa kuku.

Pembe nne zilikuwa na matundu manne. Nikarudisha kila kitu, nikaenda kumgongea Hallet.

"Bwana Hallet, njoo uone kitu dirishani."

"Umeitoa kwenye fremu?"

"Nilikuwa nakaza kamba. Kuna kunguru, kama yule mama alivyosema. Na ile habari ya kichwa chini haisimami. Chora mistari, ugeuze, utaona."

Hakuinua macho kwenye karatasi zake. "Mzee Odon, una elimu gani?"

"Ya hapa na pale."

"Basi kazi yako ni kushika. Shika."

Sikukasirika. Nimefukuzwa kazi katika miji mitano na nimeambiwa mabaya zaidi kwa lugha tatu. Nilisema, "Ndiyo, bwana," na nikaenda kupiga pasi glavu.

Jumapili ukumbi ulijaa hadi ngazini. Bi Lathouwers mwenyewe alikuwa kwenye mimbari ya dalali, mama wa miaka hamsini, sauti kama kengele ya tramu. Kushoto kwake alikaa Bwana Quoilin, afisa wa mahakama, na daftari lake kubwa. Kwetu mnada wa hadhara hauendi bila mmoja wao, na kinachotangazwa pale juu ndicho anachoandika. Hallet alikuwa kwenye meza ya simu. Ghislain safu ya pili, kibao cha namba magotini. Joost nyuma yake, ili amsumbue vizuri. Mama Coljon safu ya mwisho, karibu na mlango, bila mfuko safari hii, amevaa koti la buluu.

Masahihisho yalisomwa. Namba kumi na mbili, doa la chai halikutajwa. Namba arobaini, upana ni sentimita mbili zaidi. Bi Lathouwers akakunja karatasi. Nilimtazama mama kule nyuma. Hakusogea, ila mkono wake wa kushoto ulishika kiti cha mbele yake.

Tuliuza namba hamsini na sita. Nikainua hamsini na saba. Nikaipeleka kulia, nikaipeleka kushoto, watu wakavuta pumzi kama kawaida. Kisha nikaigeuza kichwa chini, nikasimama hivyo.

Kicheko kidogo kilipita ukumbini. Firmin alikuwa anatembea darini kama popo.

"Mzee Odon," Bi Lathouwers alisema, "umeishika kichwa chini."

"Najua, Bi Lathouwers. Kitabu cha Bwana Hallet kinasema ndivyo ilivyochorwa. Naomba waheshimiwa watazame michirizi."

"Igeuze," Hallet alisema toka mezani.

"Hii hapa nageuza." Nikaigeuza. Nikairudisha. Nikaigeuza tena, polepole, kama ninavyofanya kila kitu. "Inalala kushoto ikiwa hivi. Inalala kushoto ikiwa hivi. Mkono wa kulia hauwezi kuifanya ilale kushoto kwa kuipindua. Mwenye kalamu ajaribu sasa hivi kwenye katalogi yake."

Nimeshika picha nyingi ukumbini pale na sijawahi kusikia sauti kama ile: kalamu mia mbili zinakwaruza, halafu katalogi mia mbili zinageuzwa.

Halafu mtu akasema, "Ee Mama Maria," na kelele ikaanza.

"Labda aliilaza ubavuni!" Hallet alikuwa amesimama, skafu imelegea.

"Kitabu chako kinasema kichwa chini!" Joost alipaza toka nyuma. "Ninacho, nimekilipia yuro tisini! Nirudishie!"

"Ina matundu manne ya pini," nilisema, "kwenye ubao uliofungwa ukutani. Na kwenye picha ya nne, chini ya nyeupe, kuna kunguru aliyefanana na kuku. Nimemwona jana dirishani. Kuna mtu mmoja aliyemtaja Ijumaa kabla fremu haijafunguliwa, na wengi wenu mlimsikia. Yuko pale nyuma."

Vichwa vyote viligeuka. Mama Coljon alisimama. Kwa koti lile la buluu alionekana kama aliyekuja kupokea shahada.

Bi Lathouwers si mtu wa kutikisika. Aliweka nyundo chini. "Bwana Hallet, unathibitisha kuwa ni mkono wa Roskam? Jibu ndiyo, na Bwana Quoilin ataandika kuwa umethibitisha."

Afisa wa mahakama aliinua kalamu, akamtazama Hallet juu ya miwani. Hallet alifungua mdomo. Mbele yake, kwenye katalogi yake mwenyewe, nilikuwa naiona michirizi sita aliyoichora sasa hivi.

"Siwezi kuthibitisha," alisema, akakaa.

"Basi ama naiondoa, ama naiuza ikiwa na tangazo," Bi Lathouwers alisema. "Mwenye mali yuko kwenye simu." Aliisikiliza simu, uso haukusema kitu. "Mwenye mali anataka iondolewe."

Kule nyuma mama alifumba macho.

Hapo Ghislain Dewandre akasimama. Kila mtu alijua amezika fedha ngapi kwenye theluji ile. Mimi niliogopa, sitaki kudanganya. Neno lake moja lingefunga jambo.

"Nina kurasa tatu kati ya hizi," alisema. "Hakuna mtu hapa anayepoteza kuliko mimi. Jana nilizitoa zote kwenye fremu nikazigeuza mezani. Mke wangu alidhani nimerukwa na akili." Alisafisha koo. "Theluji ile ndiyo iliyonifanya nianze kukusanya, nikiwa na miaka tisa. Sikuwa namjua Roskam wakati huo. Niliijua theluji. Mwambieni mwenye mali kwamba ikiuzwa leo na jina sahihi, naanza kwa elfu ishirini. Ikiondolewa, sitainunua kamwe, na nitawaambia wote kwa nini."

Bi Lathouwers alinong'ona kwenye simu. Alisikiliza. Akachukua nyundo.

"Sahihisho la namba hamsini na saba," alisema kwa ile sauti ya tramu. "Firmin wa Reli, ukurasa wa thelathini na moja. Badala ya Armand Roskam, somekeni: studio ya Roskam, mchoro wa Hubertine Coljon. Elfu ishirini kwa Bwana Dewandre. Nani ishirini na mbili?"

"Ishirini na mbili!" Joost alipiga kelele.

Ghislain aligeuka. "Wewe?"

"Kwani ni zako peke yako? Nimekunywa bia na mchoraji!"

Ishirini na nne. Ishirini na sita. Mtu wa simu kutoka Paris akaingia, akatoka. Joost alifika elfu thelathini akashika kichwa kama aliyekumbuka kodi ya duka. Nyundo iligonga kwa Ghislain, elfu thelathini na moja. Karibu nusu ya bei ya chini ya katalogi.

"Sasa ninazo nne," Ghislain alisema kwa ukumbi mzima, ameinua kidevu. "Mkusanyo mkubwa kuliko wote wa Hubertine Coljon duniani. Na fundi bafu hana hata mmoja."

Watu walipiga makofi, wengine bado wanageuza katalogi zao. Nilishusha ukurasa. Bi Lathouwers aliniinamia bila kunitazama: "Kesho saa tatu, ofisini kwangu." Nikasema sawa. Begi langu huwa halina vitu vingi.

Bwana Quoilin alikuwa amekwama. "Mama Coljon," aliita, "naomba jina lako kamili kwa ajili ya kumbukumbu. Linaandikwaje?"

Alikuja mbele kati ya safu, watu wakivuta magoti kumpisha. Hakutaja herufi hata moja. Alinyoosha mkono wa kushoto, na yule bwana, bila kujua kwa nini, akampa kalamu. Aliinama juu ya daftari la mahakama akaandika kwa zile herufi zake za viputo, kubwa, zilizosimama wima, kila moja kama imechapwa. Hubertine Coljon. Na alipokuwa anaandika, kiganja chake kilipita juu ya wino mbichi, kama kinavyopita cha kila mwenye shoto, kikaacha mburuzo mweusi hadi ukingoni.

"Mama, umelichafua," afisa alisema.

Alilitazama, kichwa kimeinama upande. "Hapana," alisema. "Nyeupe usiweke. Liache hivyo hivyo."